Rweya ya Mkwe Wangu

Miaka thelathini na moja nimefundisha jiografia hapa Muleba, na wa kunishinda kwenye ramani bado hajazaliwa. Korea Kusini? Niamshe usingizini nikuchoree: milima imejaa mashariki, tambarare zimebanwa magharibi na kusini, asilimia sabini ya nchi ni milima. Mwanafunzi aliyesahau ile sabini nilimpigisha magoti. Basi sikiliza ujinga wa mwalimu.

Binti yangu Kokubanza aliolewa huko na kijana anaitwa Minho. Mpole kweli, aliwahi kuja kwetu Rubya, akala senene kwa mikono miwili mpaka tukamcheka. Miaka miwili iliyopita akafa kwa ajali. Siku ya maziko Kokubanza alinipigia simu ya video, na majirani wamejaa sebuleni. Naangalia: mlima, misonobari, tuta la udongo. Hakuna nyumba wala mgomba.

Sisi Wahaya mtu wetu tunamzika kibanjani, kwenye migomba, karibu na mlango. Kule rweya, kwenye nyasi tupu za vilimani, zamani alitupwa asiye na kwao. Hasira zikanipanda. Mama yake Minho akasogea kwenye simu, akainama kunisalimu. Nikafoka, "Mwambie anayemtupa mwanawe rweya asiniinamie mimi!"

Kokubanza akakata simu. Tangu hapo, kimya. Nami nikavimba: mzazi ni mimi, aanze yeye.

Mwezi uliopita, nikitafuta cheti cha ubatizo, nikakutana na daftari langu la masomo. Mwandiko ni wangu mwenyewe: "Tambarare ni finyu, zinatumika kwa mpunga na makazi." Nikakaa chini. Jamani! Ardhi ya bondeni wamewaachia walio hai, wafu wao wanawapandisha juu, kwenye jua, wayaone mashamba yao. Sabini nimeiimba miaka yote hiyo, na hata siku moja sikujiuliza wanazikana wapi.

Nikamtumia Kokubanza ujumbe wa sauti, nalia bila aibu. "Mwanangu, nimekosa. Mpe simu mama mkwe wako, nimwombe radhi kwa mdomo wangu."

Alijibu baada ya siku tatu.

"Taata, mama mkwe alifariki Machi. Tulimzika kando ya Minho. Siku ile ya simu aliniuliza umesema nini. Nikamwambia, baba anasema mlima ni mzuri, mwanao amelala pazuri. Alifurahi mno. Kila tulipopanda kufyeka nyasi kaburini alisema tupasafishe vizuri, baba yako anapapenda, iko siku atakuja. Sasa nafyeka peke yangu. Njoo, Taata. Njoo uyaseme mwenyewe, nisiwe nimemdanganya marehemu."

Nina miaka sabini na tisa. Goti hili halinifikishi tena hata kanisani, na kanisa letu liko kwenye kilima kidogo tu.