Huduma Haipatikani Nchini Mwako

Nilimwalika Nyagach kwenye redio yangu ya mtandaoni hapa mtaani Malakia nikijua ana mdomo. Anazunguka Juba nzima akitetea programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua, kuzirekebisha na kumgawia jirani.

"Dada, mimi programu yangu ya kurushia matangazo nailipia na inafanya kazi," nikamchokoza hewani. "Unanisumbulia nini?"

"Hiyo si yako. Mwenyewe yuko ng'ambo, na siku akitaka atakuzima."

Nilicheka sana. Wiki iliyofuata nikawasha kompyuta, nikakuta maandishi: huduma hii haipatikani nchini mwako. Nilitukana kwa Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha Nakuru, kisha nikameza kiburi nikampigia.

Alikuja na boda kutoka mtaa wa Jebel, akachomeka flashi, akaniwekea programu nyingine, akanifundisha hadi nikaelewa. Hata hakusema, "Si nilikuambia?" Mimi ningesema.

Tuliporudi hewani nikamuuliza, "Sasa nani anaweza kutuzima?"

Akatazama dirishani, jenereta yetu kuukuu ikikohoa uani.

"Hiyo tu," akasema. "Na hiyo, ikiharibika, si huwa mnaifungua wenyewe?"