Chokaa Kwenye Mlango wa Baba

Usiku wa jana niliota niko ndani ya kifua cha baba, nimevaa kanga na ndala, na wala sikushangaa. Palikuwa na joto na harufu ya sigara zake.

Baba yangu, Fundi Mbaruku, amepaka chokaa nyumba za Pangani miaka arobaini. Mimi niko Mwanza. Mwaka wa tatu huu sijamwona, kila mwezi nasema mwezi ujao. Wiki iliyopita daktari alimwambia mlango mmoja wa moyo wake umeshika chokaa, akamtaka apimwe pia mishipa inayoulisha moyo. Baba akakataa.

"Kilichoharibika ni mlango," aliniambia kwenye simu. "Mishipa inaingiaje hapo?"

Basi humo ndotoni nikafika kwenye mlango wenyewe wa moyo. Una mbao tatu, mweupe, unafunguka kwa shida.

"Hodi," nasema. "Mimi Saumu, binti wa mwenye nyumba. Shikamoo."

"Marahaba. Samahani sikufungulii vizuri, nimekakamaa."

Nachukua mwiko wa baba wa kazi niukwangue chokaa. Mlango unakasirika.

"Wewe umelelewa na fundi kweli? Ukuta ukivimba upande huu, fundi hufanya nini?"

Hilo nalijua tangu nina miaka saba. "Huugonga ukuta wa pili pia, asikie kama nao ni mbovu."

"Haya. Hapo nyuma yangu kuna vichochoro viwili, ndivyo vinavyoupelekea moyo damu yake. Kagonge."

Mara niko Pangani, uchochoro wa nyuma ya nyumba yetu, ila kuta zinadunda. Nagonga kwa vifundo vya vidole, kama baba alivyonifundisha. Ukuta unalia vibaya. Njia imebana, napita ubavu.

"Si kila mlango ukishika chokaa basi na sisi huwa tumeziba," ukuta unaniambia kwa adabu. "Lakini mara nyingi tunaugua pamoja. Umri uleule, sigara zilezile."

"Mbona hamkusema?"

"Tumesema. Akipanda ngazi tunamkaba. Yeye anasema uzee."

Mwisho wa uchochoro kuna chumba. Baba amekaa, amenipa mgongo, mbele yake vikombe viwili vya kahawa. Kimoja hakijaguswa. Yuko hatua tano tu, na bado nilimkumbuka kama niko Mwanza.

"Hodi," nasema. Hageuki. "Hodi." Bega lake limeshuka, sikuwa nalijua bega hilo. "Hodi, baba."

Kwetu hodi tatu zikikosa jibu, mgeni hurudi alikotoka. Nami, mwenye adabu hata ndotoni, nikarudi.

Nikaamka kumekucha. Vifundo vya mkono wangu wa kulia vilikuwa vyeupe. Nilipovisugua viliacha unga kwenye shuka. Nyumba ninayokaa haina chokaa hata ukuta mmoja, yote rangi ya mafuta.

Simu ikaita. Alikuwa baba, ambaye hampigii mtu simu asubuhi kabla hajanywa kahawa.

"Saumu," akasema, anahema. "Hodi tatu, halafu unaondoka? Nilikuwa nainuka kuja kukufungulia. Siku hizi nachelewa."

Nililia.

"Kile kipimo cha mishipa nitakwenda," akasema. "Lakini twende wote. Njoo basi, mwanangu, kahawa yako inapoa."