Mbavu Saba za Chuma

Mlango ulipigwa teke la pili, na Shaarkan hakuacha kupiga sufu.

Fimbo mbili, moja kila mkono, kulia kushoto, kulia kushoto, juu ya ngozi kavu ya ng'ombe iliyotandikwa sakafuni. Sufu iliruka na kutua, iliruka na kutua, na kila ilipotua iliacha mchanga wake na vinyesi vikavu vya kondoo ikazidi kuwa nyeupe. Ilikuwa Januari, katika mji wa milimani wa Naryn, saa tano na nusu asubuhi. Maji ya ndoo yalikuwa yameshika utando wa barafu humo humo chumbani. Shaarkan alivaa makoti mawili, kilemba cha sufu na buti za marehemu mumewe, na bado, akipumzisha mikono kidogo tu, baridi ilimrudia kama mbwa aliyefukuzwa jikoni.

Teke la tatu likang'oa komeo.

Aliingia Tashtan, mwenye nyumba, kofia ya manyoya ya mbweha kichwani, sharubu zimeganda. Nyuma yake akaingia Kubat, mtoto wa dada yake, kijana mwenye shingo ya ng'ombe aliyewahi kushindana mieleka mpaka goti likamwangusha. Kubat alishika spana ndefu ya mabomba na shoka, na hakumtazama Shaarkan usoni.

"Siku hizi watu wanabisha hodi kwa miguu, kaka Tashtan?"

"Hodi yangu niliipeleka ofisini, kule ulikokwenda kunishtaki. Hawakukupa?"

Shaarkan aliziweka fimbo chini, polepole, zikalala sambamba. Alijua walichofuata. Kilikuwa nyuma yake, chini ya dirisha: chuma cha joto, mbavu saba zilizosimama wima ukutani, na ubavu wa nne umepasuka kutoka juu hadi chini, barafu imetokeza kwenye ufa kama ulimi.

Tashtan alikuwa na tanuri la makaa nyuma ya nyumba yake, na mabomba yake ya maji ya moto yalipita vyumba vyote sita vya wapangaji. Karatasi ya upangaji ilisema hivyo hivyo, kwa mkono wake mwenyewe: chumba kimoja, pamoja na joto. Lakini baada ya mwaka mpya aliifunga koki ya upande wa wapangaji ili makaa yamfikishe masika. Aliifunga kwa haraka, bila kuyatoa maji. Mtu aliyezaliwa Naryn anajua maji yaliyosimama ndani ya chuma yanafanya nini, ila ubahili humsahaulisha mtu hata kule alikozaliwa. Siku ya tatu chuma kikalia kama mfupa, kikapasuka.

Wapangaji watano walinyamaza, wakaongeza mablanketi. Shaarkan naye angenyamaza, alikuwa hodari wa kunyamaza. Lakini Aruuke, binti yake wa miaka sita, alikohoa mpaka midomo ikawa ya buluu. Sasa alikuwa wiki ya pili hospitali, na daktari alikuwa amesema bila kuinua macho: "Mapafu yamepona nusu. Simrudishi kwenye chumba cha barafu. Pata joto, uje na karatasi ya ofisi inayosema hivyo, umchukue. Usipopata, tutampeleka kwenye nyumba ya watoto ya serikali mpaka kiangazi."

Ndipo akaenda ofisi ya nyumba. Mkaguzi, Bi. Anarkan, aliisoma karatasi ya upangaji mara mbili. "Nakuja Jumatano saa sita mchana. Mpaka nifike, chuma kisiondolewe ukutani. Kikiondoka, yeye atasema hakuwahi kukupangisha joto, na mimi nitaandika nini?"

Na leo ilikuwa Jumatano.

"Sikiliza, dada," Tashtan alisema, sauti imelainika. "Chuma kimeharibika. Mimi mwenye nyumba nimekuja kukitoa nikitengeneze. Kuna ubaya gani?"

"Ungekuja juzi ningekuchemshia chai. Leo subiri saa sita."

"Wenzako hawalalamiki."

"Wenzangu wamekaa wanatetemeka, kaka. Kulalamika kunahitaji meno yaliyotulia."

Kubat akacheka puani, kisha akakumbuka kazi yake, akafunga mdomo.

"Kuku wangu wanapata joto," Tashtan alisema, "kwa sababu kuku hawaendi kushtaki. Kubat, fungua."

Kubat akaja. Shaarkan alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mbavu za chuma, na ubaridi wake ukapenya makoti yote mawili.

"Dada Shaarkan, nipishe. Mjomba kanituma."

"Mjomba akikutuma kaburini?"

Tashtan hakungoja jibu. Alimkamata Shaarkan kwa kilemba, nywele zikiwemo, akamvuta kama mtu anayemtoa kondoo zizini. Shaarkan alishika ubavu wa chuma. Ngozi ya viganja iliganda pale pale kwenye chuma, na alipovutwa tena ikabaki. Aliangukia kwenye sufu. Alipoinua mikono aliona sufu imeng'ang'ania kwenye viganja, na wekundu unaipanda taratibu, kama chai inavyopanda kwenye bonge la sukari.

Spana ililia kwenye nati. Kubat alivuta, akasukuma, mishipa ikamtoka shingoni. Nati haikugeuka. Kutu kwa nje, barafu kwa ndani.

"Imeganda, mjomba."

"Imwagie maji ya moto!"

Kwenye jiko dogo la umeme pembeni palikuwa na sufuria ya maji yanayochemka. Shaarkan aliyachemshia sufu, kwa sababu sufu haishikamani kuwa zulia mpaka imwagiwe maji ya moto, ikunjwe na ikanyagwe. Alijua maji yale yanafanya nini yakikutana na kitu baridi. Kwa miaka kumi na moja ya kazi hiyo alikuwa amepasua mabakuli, magaloni, na mara moja kengele ya chuma ya ng'ombe.

"Kubat, usimwage," alisema kutoka sakafuni. "Chuma kimeganda mpaka moyoni. Kitalipuka."

"Haya! Fundi sufu amekuwa fundi bomba!" Tashtan alisema. "Mwaga!"

Kubat akamwaga.

Mlio ulikuwa kama wa bunduki. Mvuke ukajaa chumba kizima, na ndani ya mvuke kitu kizito kikaanguka, kisha Kubat akapiga kelele ambayo haikufanana na mwili wake. Ilikuwa nyembamba, kama ya mwanakondoo. Mvuke ulipotawanyika alikuwa amekaa sakafuni, na mbavu nne za chuma zimelalia mguu wake wa kushoto. Buti lilikuwa bapa pale ambapo mguu haufai kuwa bapa.

Tashtan alitazama mguu, akatazama ukuta, ambao bado ulikuwa na mbavu tatu zinazoning'inia. Kisha akamtazama Shaarkan.

"Wewe," alisema. "Ulimi wako umeniloga."

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Shaarkan alisikia jino likivunjika kabla ya kusikia maumivu. Ya pili ilimpata sikioni, na dunia ikawa inavuma upande mmoja tu. Tashtan akainama kuchukua spana. Iliposhuka, ililengwa kichwani ikapata bega, na mkono wake wa kushoto ukafa ganzi mpaka vidoleni. "Kashtaki tena!" alikuwa akisema. "Kashtaki! Kashtaki!" Akainua spana mara ya pili.

Mkono wa kulia wa Shaarkan ukaiona fimbo kabla ya macho yake kuiona.

Pigo la kwanza lilikwenda kwenye kifundo cha mkono, na spana ikaanguka. La pili lilikwenda usoni, na kofia ya mbweha ikaruka. Tashtan aliinua mikono, akapiga hatua nyuma, akajikwaa kwenye mguu wa Kubat, akaanguka chali juu ya ngozi ya ng'ombe, katikati ya sufu. Hapo mkono wa kushoto ukazinduka, ukatafuta fimbo yake, ukaipata.

Kulia kushoto. Kulia kushoto.

Hakupiga kwa hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alipiga kwa mazoea. Alipiga mabega, mapaja, mikono iliyofunika uso. Kila pigo liliishia na ule msokoto mdogo wa kifundo unaoinua sufu ili igeuke na upande wa pili upigwe. Tashtan aligeuka. Akapigwa upande wa pili. Sufu nyeupe iliruka ikatua, ikaruka ikatua na madoa.

Ng'ambo ya ukuta, bibi Batma, mpangaji wa chumba cha pili, alikuwa amezuia pumzi tangu teke la kwanza. Alisikia vishindo, alisikia mlio kama wa bunduki, alisikia kelele nyembamba, na mkono wake ulikuwa umeshikilia komeo la mlango bila kulifungua. Kisha akasikia fimbo, mfululizo, zile zile za kila asubuhi. Akashusha pumzi. "Wameondoka," alijiambia. "Mtoto wa watu amerudi kazini." Akajiongezea chai.

"Dada!" Kubat alikuwa akilia. "Dada, utamuua! Dada Shaarkan!"

Alimsikia, lakini kwa mbali, kwa lile sikio lililobaki. Kilichomsimamisha ni kitu kingine. Tashtan hakuwa anajikinga tena. Alikuwa amelala ubavu, amejikunja, akikohoa, na kikohozi kilikuwa kikavu na kifupi, vikohozi vitatu kisha kimya. Shaarkan alijikuta ameinamisha kichwa akisubiri cha nne, kama alivyokuwa akisubiri kando ya kitanda cha Aruuke. Na hapo akafikiri, wazi kabisa, kama mtu anayesomewa karatasi: mama aliyeua hapewi mtoto, hata chumba kiwe na moto kama jehanamu.

Fimbo zilishuka.

Cha nne kikaja. Tashtan akatema damu, akajiinua kwa kiwiko.

Walipumua watatu, na pumzi zao zilionekana.

"Mguu wangu," Kubat alisema.

Shaarkan alienda kwenye mbavu nne, akapitisha vidole chini yake. Mkono mmoja haukutosha. "Shika upande ule," alisema.

Tashtan alimtazama. Jicho lake moja lilikuwa limeshafumba lenyewe.

"Huyu ni mtoto wa dada yako. Shika!"

Akatambaa, akashika. Waliinua pamoja, damu ya mmoja ikimdondokea mwenzake, na Kubat akajivuta nyuma kwa matako akilaani mabomba yote ya duniani. Walikuwa bado wamekishika chuma hicho, wameinama wakitazamana, Bi. Anarkan alipofika kwenye mlango usio na komeo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa.

"Hiki ndicho chumba namba moja?" aliuliza.

"Ndicho," Shaarkan alisema. Jino lilitoka na neno.

Bi. Anarkan hakushtuka, au alijizuia. Alitoa kipimajoto mkobani, akakitundika kwenye msumari. "Dakika kumi," alisema. Akaenda dirishani, akapiga magoti kwenye maji yaliyoanza kuganda upya, akachunguza mbavu tatu za ukutani, akatia kidole kwenye nati. Akachunguza nne za sakafuni. Akaandika. Kalamu ikagoma kwa baridi, akaipulizia, akaandika tena.

"Chuma kipo," alisema. "Kimepasuka kwa barafu ubavu wa nne, kutu ya zamani, barafu ya wiki kadhaa. Koki imefungwa, nimepita kwenye tanuri kwanza." Akamgeukia Tashtan. "Mwenye nyumba ni wewe. Na hiyo damu?"

Shaarkan aliyatazama mabuti ya mumewe. Kama Tashtan angesema neno moja tu, amenipiga, polisi wangeitwa, na karatasi ya Aruuke ingegeuka karatasi nyingine.

Tashtan alifungua mdomo. Mtu wa miaka hamsini na mitatu, mwenye vyumba sita, ambaye kesho angeketi na wanaume wenzake kula nyama ya farasi. Alimtazama mwanamke mwembamba aliyempiga kwa fimbo za sufu.

"Nilianguka," alisema.

"Ulianguka."

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

Kubat, aliyekuwa ameuma mkono wa koti lake kwa maumivu, alitoa sauti ambayo huenda ilikuwa kicheko.

"Na mama huyu?"

"Naye alianguka," Tashtan alisema.

Bi. Anarkan aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akasoma kipimajoto. "Nyuzi mbili chini ya sifuri." Akaandika. "Una siku tatu. Koki wazi, chuma kipya, mlango wenye komeo. Nikirudi Jumamosi na hakuna, tunakutana mahakamani, na huko uanguke vizuri zaidi."

Alimpa Shaarkan nakala. Kubat walimbeba hadi kwenye gari la ofisi, Shaarkan akimshika kwapa moja. Njiani Kubat alisema mara moja tu, gari liliporuka kwenye barafu: "Mkono wako mzito, dada." Hospitali ilikuwa ile ile aliyolazwa Aruuke.

Wodi ya watoto ilikuwa chini, na msimu wa mafua wazazi hawakuruhusiwa kuingia. Walisimama nje, kwenye theluji iliyokanyagwa na kina mama wengine, wakaita kupitia kioo. Shaarkan aligonga dirisha la tatu kwa ukucha. Ilichukua muda. Kisha kichwa kilichonyolewa kikatokea, na macho mawili yakapanuka.

"Mama, uso wako umefanyaje?" Sauti ilipita kioo ikiwa ndogo.

Shaarkan alifunika mdomo kwa ncha ya kilemba. Akabandika karatasi kiooni, maandishi yakitazama ndani, japo mtoto alikuwa hajui kusoma.

"Imeandikwa nini?"

"Siku tatu."

"Halafu?"

Nje ya kioo, pembeni, sakitu, ule unga mweupe wa barafu, ilikuwa imetanda kama manyoya ya ndege. Aruuke hakungoja jibu. Aliweka kiganja chake upande wa ndani, akakikandamiza, na kwa upande wa Shaarkan sakitu ikaanza kuyeyuka polepole, kidole kimoja, kisha kingine, mpaka kiganja kizima kikaonekana, kidogo, chenye maji. Shaarkan akashusha kilemba, akaegemeza hapo shavu lake lililovimba, na akabaki hivyo.