Msamaha wa Kipaza Sauti

Baba alimsamehe Tufail kwa kipaza sauti, na balaa lilianzia hapo.

Kanisa letu hapa Punjab limefunga vipaza sauti juu ya paa, ili Mungu na majirani wasipitwe na neno. Kila Jumapili mwenye ushuhuda husimama akapewa nafasi. Jumapili ile alisimama Baba, Inayat Masih, mfagiaji wa barabara.

"Tufail muuza maziwa ndiye aliyewaongoza watu kuichoma nyumba yangu," alisema. "Mikono ya mke wangu iliungulia mle. Nimemsamehe."

Akaketi. Mimi nilikuwa likizoni kutoka shule ya bweni, ambako ninaheshimika kwa kumfungia mbuzi ofisini mwa mwalimu wa dini. Sikupata la kuchekea.

Kesho yake akaja Haji Barkat, ami yake Tufail. Tufail mwenyewe alikuwa rumande. Mama alimmiminia mgeni chai, birika kalibana kwa viganja viwili visivyokunjika. Haji hakukigusa kikombe. Watu wa kwao hutuona sisi Wakristo wafagiaji najisi, hawanywei vikombe vyetu. Sisi humimina tu, kwa adabu.

"Inayat, nimesikia umemsamehe kijana wetu."

"Nimemsamehe, Haji."

"Mungu akuzidishie. Basi mwambie hakimu si yeye."

Baba akakuna goti. "Nitamwambia nimesamehe."

"Wakili anasema moto hausameheki kortini. Atatoka tu ikiwa si yeye."

"Haji, mimi nimemsamehe yeye. Nikisema si yeye, nitakuwa nimemsamehe nani?"

Haji akatazama juu. "Mmeezeka nyasi mpya. Mtaa mzima. Zimekauka vizuri."

"Ahsante, Haji," nikasema. "Zile za zamani ziliungua, sijui na nani."

Mama akanikanyaga mguu.

Haji alipoondoka, majirani walianza kuingia. Hawakuomba kitu. Walikaa tu ukutani na watoto wao mapajani, wakimwangalia Baba. Mchungaji naye akaja. "Ifuate dhamiri yako, ndugu Inayat," akasema, kisha akachungulia nje, upande wa nyumba yake.

Nilitoa shauri la dawa ya kuharisha ndani ya madebe ya maziwa ya kina Tufail. "Sabir," Mama akasema, "leo usiwe na akili."

Kortini, hakimu alimuuliza Baba kama anamtambua mshtakiwa. Baba alimtazama Tufail kama anayetaka kumwamkia.

"Simtambui."

"Sema kwa sauti."

Akasema kwa sauti.

Nje ya lango nduguze walimvika Tufail mashada ya waridi. Nilimvuta Baba shati, lakini alishaingia katikati yao.

"Tufail, mwanangu. Niliyosema kanisani ni kweli. Nimekusamehe."

Tufail akapangusa petali midomoni. "Kwa lipi, mzee? Si umesema hukuniona?"

Wakacheka wote, hata askari. Nina mzaha kwa kila tukio duniani, lakini pale sikuwa na hata mmoja. Nilimshika Baba mkono, tukatembea hadi nyumbani.

Mama alikuwa mlangoni. "Ulimwambia umemsamehe?"

"Nilimwambia."

"Akapokea?"

Baba akavua viatu.

"Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza kujaribu," Mama akasema. "Sasa nimsamehe nani?"

Baba alimimina chai, akakishika kikombe, akamnywesha.