Jeneza Lililotekwa Pangani

Mimi nilisoma ngumbaru jioni baada ya kazi, na sijaacha kusoma mpaka leo. Ninapowapelekea chai watafiti wa usalama pale Raskazone, macho yangu hupita kwenye karatasi zao. Nimegundua jambo: wao wakiandika, wakubwa hufanya.

Jumatatu nilikuta ripoti ya Daktari Lucas, kijana wetu aliyekulia ughaibuni. Ukurasa wa kumi na nne ulisema: "Pangani, kundi la Castory liliteka maiti na kudai kikomboleo. Tunapendekeza kila maziko yaombewe kibali siku saba kabla."

Birika nusura linidondoke. Castory ni Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazigua. Alilikalia jeneza la kaka yangu mpaka tukampa jogoo, kama ilivyo ada ya watani msibani. Sasa aitwe mtekaji kwa hilo? Na sisi tuombe kibali wiki nzima kabla ya kufa?

"Daktari, ule ulikuwa utani."

"Mzee Sadalla, niliona kwa macho yangu. Wajane walikuwa wanalia."

"Shemeji zangu walijifunika kanga wapate kucheka."

"Niletee sukari, mzee."

Nikaleta sukari. Kisha nikampigia Castory simu.

Alhamisi wakubwa wakaja kupokea ripoti, wakiongozwa na Bwana Sele. Lucas alipoiweka tu mezani, Castory akaingia, akainyakua, akaitupa kitini na kuikalia.

"Marehemu huyu hatoki hapa!"

"Mlinzi!" Lucas akapiga kelele.

Bwana Sele akainua mkono. "Ngoja. Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi. Na wewe, kwa kichwa hicho, huwezi kuwa ila Mzigua wa Handeni."

Bwana Sele akacheka mpaka akavua miwani. "Mtani wangu! Haya, sema unachotaka."

"Sambusa. Sahani nzima."

"Nusu, mlafi we!"

"Basi marehemu hazikwi leo."

Nikaileta sahani nzima. Castory akala mbili, akainuka, akarudisha ripoti, ila ukurasa mmoja akauchomoa, akafungia sambusa zilizobaki.

"Karatasi hiyo inasema nini?" Bwana Sele akauliza.

Lucas akautazama ukurasa wa kumi na nne ukilowa mafuta.

"Hakuna kitu, mheshimiwa."

Wageni walipoondoka, akanigeukia. "Mzee, wale wajane... kweli walikuwa wanacheka?"

"Kanga zilikuwa zinatikisika, Daktari."

Nikamsogezea sukari kabla hajaomba.