Pa Kuegemeza Mzigo

Kiangazi kile chama cha kijiji chetu kiliandika vijana kumi wa kutengeneza njia ya kwenda malisho ya juu, ile iliyokatwakatwa na mafuriko ya mwezi wa tatu. Tisa walipewa sururu, glavu na kofia ngumu za rangi ya chungwa. Mimi, wa kumi, nilipewa birika, sukari na gunia la mikate.

Sikununa. Wale tisa walikuwa wanafunzi waliorudi likizo kutoka Beni Mellal na Marrakesh. Mimi niliishia darasa la sita, kwa kuwa shule ya kuendelea iko mbali, na nyumbani kulikuwa na nyumbu aliyehitaji mtu wa kumfuata. Nyumbu ninayemsema ni yule mtoto wa punda na farasi, anayebeba kila kitu katika milima yetu ya Atlas, kuanzia unga hadi bibi harusi. Tangu nina miaka kumi na miwili nimetembea nyuma ya mkia wake, macho yangu kwenye kwato zake, maana huko ndiko kuna cha kutazama.

Malisho ya juu hufungwa kila mwaka majani yanapoanza kuchipua. Haingii mnyama, hata mbuzi mgonjwa, mpaka siku ambayo mabonde yote matatu yamekubaliana. Mwaka ule siku yenyewe ilikuwa tarehe kumi ya Julai. Asubuhi hiyo ng'ombe, kondoo na nyumbu wa watu wote wangepanda kwa pamoja, na njia ilitakiwa iwe tayari mpaka mlango wa malisho; sehemu ya juu, ndani ya malisho, ingefuata.

Mkuu wa kazi alikuwa Bassu, kijana wa bonde la jirani aliyesomea ujenzi wa mawe huko mjini. Mtu wa haki, ila haongei sana, na alikuwa na kamba ya kupimia aliyoipenda kama tasbihi. Kila siku nilipanda na birika mgongoni, nikawasha moto kando ya njia, na maji yakichemka taratibu nikawa naangalia wanavyojenga.

Walijenga vizuri. Mawe yalikaa imara, mstari umenyooka. Lakini ngazi zao zilikuwa fupi kwa upana na ndefu kwa kwenda juu, za mtu mwenye viatu na suruali. Nilikaa kimya siku tatu. Siku ya nne Haddu, mwanafunzi wa sheria mwenye mdomo usiofunga, alikuja kuchukua glasi yake akaniona nikitazama.

"Tuda, mbona unaziangalia ngazi zetu kama mama mkwe anayekagua mkate?"

"Naziangalia tu."

"Sema, dada. Au chai imeungua?"

"Nyumbu hatapanda hizo."

Haddu akapiga kelele bonde zima lisikie. "Jamani, njooni! Injinia wa birika ana neno!"

Wakaja wakicheka. Bassu naye akaja, kamba mkononi. Hakucheka.

"Kwa nini hatapanda?" akauliza.

"Mguu wa mbele ukifika juu, wa nyuma bado uko ngazi ya chini kabisa, na mzigo unamvuta kurudi nyuma. Anataka ngazi fupi ya kwenda juu, halafu mahali papana pa kuweka miguu yote minne. Apumue. Kisha nyingine."

"Umesomea wapi hayo?"

"Nyuma ya mkia."

Hapo walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yake. Bassu akapima ngazi moja kwa kamba, akapima na kiganja, akatazama chini ya bonde kwa muda. Kisha wakabomoa ngazi za siku mbili, na Haddu akawa analaumu kila jiwe analolinyanyua kwa jina langu.

Jioni, tunakusanya vyombo, Bassu akaniita.

"Ile kona ya Mwamba Mwekundu, ngazi kumi na tano. Unaweza?"

Nikajibu pole pole. "Naweza."

"Sikiliza basi. Siku moja kabla ya malisho kufunguliwa, Lalla Hejju atapanda kutengeneza kibanda chake kilichoko chini ya mpaka wa malisho, na nyumbu wake atakuwa na mzigo kamili. Akipita kona yako bila kusita, unabaki kwenye mawe mpaka mwisho wa kiangazi, na sehemu ya juu yote unafanya na mimi. Akisita, unarudi kwenye birika. Sawa?"

"Sawa. Na chai nani atapika siku zote hizo?"

"Kwa zamu," akasema.

Chai ya zamu ilikuwa balaa. Haddu alipika mara moja, na tangu siku hiyo watu walipendelea maji.

Mimi nilikuwa nimefurahi kiasi kwamba nilikuwa naamka kabla ya mama. Nilijifunza kwamba jiwe lina uso na lina mkia, na mkia wake mrefu unaingia mlimani, si kuonekana nje kwa watu. Nilijifunza kugonga vijiwe vya kukazia mpaka sauti ibadilike. Vidole vilivimba, mkate ukawa mtamu kuliko siku zote. Kwenye kona palikuwa na mwamba uliochomoza usawa wa shogi, ile mifuko miwili inayoning'inia mbavuni mwa nyumbu. Niliuchonga siku mbili nzima, maana najua mahali shogi inapochanika.

Tatizo lilikuwa mawe mapana. Ya kokoto na ya pembe yalijaa, lakini mapana yenye uso sawa hakuna. Ndipo nikaona, pale ubavuni mwa kona, tope la mafuriko limefunika nusu ya ukuta mdogo ulioinama. Nikachimba. Mawe manne, marefu kama mkono, yamelainika kwa juu kama sabuni iliyotumika. Nikasema moyoni, mafuriko haya yalibomoa, lakini yameniletea na mawe. Nikayaweka ngazi ya saba na ya nane, pale nyumbu anapopumulia. Hata Bassu alisimama juu yake akabembea kwa visigino, halikucheza hata moja.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Hapo hapo."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika akaenda zake.

Tarehe tisa tulikaa wote juu ya kona, tumekunja miguu, tunasubiri. Lalla Hejju, na Lalla kwetu ni kama kusema Bi, ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mgongo mpana na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Nyumbu wake wa kijivu alitangulia, shogi zimejaa unga, chumvi na sufuria. Alipanda ngazi za kina Haddu kama anayekwenda nyumbani. Akaingia kona yangu. Ya kwanza. Ya pili. Shogi ikapita kwenye mwamba bila kugusa. Ya tano, ya sita. Ya saba.

Ya nane akasimama.

Tukangoja. Hakwenda. Akageuza makalio yake upande wa mlima na kutulia.

"Birika linakuita, Tuda!" Haddu akapaza sauti. "Linasema limekukumbuka!"

Wote wakacheka, na mmoja akanigonga begani kwa huruma. Bassu alikuwa akitazama ardhi. Macho yangu yakafanya kazi yaliyoizoea, yakashuka kwenye kwato. Zote nne zilikuwa sawa. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umekunjwa, ncha tu ya ukwato ndiyo inagusa chini. Masikio yamelala pembeni. Nyumbu anayeogopa huinamisha kichwa akanusa jiwe, na masikio huelekea mbele.

"Haogopi," nikasema. "Anapumzika."

"Anapumzikia kwenye jaribio?" akasema Haddu. "Mnyama ana dharau huyo."

Hapo Lalla Hejju mwenyewe akatokea kwenye kona, anahema, mgongoni ana mzigo wa mablanketi na kuni uliofungwa kwa kamba kifuani. Hakututazama. Alifika pale nyumbu aliposimama, akageuka kinyumenyume, akaushusha mzigo kama anayeukalisha ukutani, bila hata kuangalia nyuma.

Ukuta haukuwepo. Mzigo ulimvuta, akapepesuka, nami nikaruka nikaudaka kwa chini kabla hajaanguka korongoni.

"Liko wapi?" akauliza, kwa mshangao zaidi kuliko hasira.

"Nini, Lalla?"

"Egemeo! Egemeo la mizigo, binti yangu! Miaka kumi na mmoja mimi na mnyama huyu tunapumzika hapa. Na kabla sijawa na mnyama, nilipumzika peke yangu. Na kabla yangu mama mkwe. Unaegemeza mzigo juu ya jiwe, kamba inalegea kifuani, unavuta pumzi, unaondoka. Nikiutua chini, nani wa kunitwika tena? Huyu?" Akamwonyesha Haddu kwa kidevu. "Huyu hawezi hata kujitwika kofia."

Mara ya kwanza watu kumcheka Haddu siku hiyo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia ngazi ya nane, chini ya kwato za nyumbu. Mawe manne yaliyolainika kwa juu. Nilidhani ni maji. Sisi kwetu tuna nyumbu, mzigo wangu mimi hubebwa, na mwaka baada ya mwaka nilipita hapa macho yakiwa chini, nikijua kila mahali mnyama anapokanyaga, sijui mama za watu wanapoegemea.

Hakuna aliyejua mawe yale yametoka wapi ila mimi. Bassu aliniuliza, nikamwambia hapo hapo, na hapo hapo ni pakubwa. Ningeweza kuyasingizia mafuriko.

"Nimelivunja mimi, Lalla," nikasema. "Nyumbu wako amelikanyaga."

Akatazama chini. Halafu akasema, "Kwa hiyo yeye ndiye aliyejua liko wapi, nasi tukasimama tunashangaa."

Bassu akasafisha koo. "Njia inafunguliwa kesho alfajiri."

"Najua."

"Na tulipatana. Amesita."

"Amesita," nikakubali. "Kesho nitapika chai. Leo nipe nyundo."

Akanipa nyundo yake mwenyewe.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Ilibidi ngazi mbili zing'olewe na nyingine zipatikane, na mawe mapana yaliyobaki yalikuwa chini karibu na mto. Nilianza kushuka. Nyuma yangu nikasikia kokoto zinaporomoka, nikageuka, ni Haddu.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nimetukanwa mbele ya nyumbu. Lazima nijisafishe."

Wengine wakafuata. Tulipandisha mawe kwa machela ya magunia, watu wanne wanne, na Haddu akihesabu hatua kwa sauti ya mwadhini mpaka tukamnyamazisha. Lalla Hejju hakwenda kibandani. Alimfungua nyumbu mzigo, akakaa kivulini, akawa kipimo chetu. Kila tukiweka jiwe la egemeo, anaubeba mzigo wake, anageuka, anajaribu.

"Juu kidogo. Hapo. Hapana, hapo mimi sawa, lakini Izza wa kwa kina Yidir je? Yule mrefu kama mnara. Mkimwekea hapa atainama mpaka avunjike."

"Basi tuweke mawili," nikasema. "La chini na la juu."

Akanitazama. "Hilo mama mkwe hakuwahi kulifikiria," akasema. "Na alikuwa hodari wa kufikiria, hasa makosa yangu."

Saa kumi na moja tukamaliza. Bassu akapita na kamba yake, akapima egemeo la chini, egemeo la juu, ngazi ya saba na ya nane. Akaikunja kamba akaiweka mfukoni.

Alfajiri ya tarehe kumi nilikuwa pale konani na birika, kama nilivyoahidi. Kwanza zilisikika kengele, halafu vumbi, halafu bonde zima likaanza kupanda: kondoo, ng'ombe wenye ndama, watoto wenye fimbo ndefu kuliko wao, kuku ndani ya kikapu. Nyumbu walipita kumi, ishirini, nikaacha kuhesabu. Hakuna shogi iliyogusa mwamba.

Kisha wakaja wanawake na mizigo yao. Nilimwaga chai pembeni ya glasi kwa kuwa nilikuwa nawatazama. Wa kwanza alifika, akageuka kinyumenyume, hakuangalia. Mzigo ukakaa. Kamba ikalegea. Akafuta uso kwa ncha ya kitambaa chake, akavuta pumzi mbili, akaendelea. Wa pili vile vile. Izza akaja, akageuka, akakuta la juu. Alisita kidogo, akainua nyusi, akaendelea na mazungumzo yake na mwenzake kuhusu mahari ya mtu. Hakuna aliyeuliza nani kajenga. Kwao jiwe lilikuwa pale siku zote.

Nyumbu wa kijivu wa Lalla Hejju alishuka kuchukua mzigo wa pili. Alipopanda tena, ngazi ya nane akasimama, akakunja mguu, akapumzika. Kisha akaenda.

Bassu alikuwa amechuchumaa karibu na moto wangu. Akanywa glasi yake hadi chini, majani ya nanaa yakabaki.

"Amesita tena," akasema.

"Ndiyo."

"Asingesita leo, ningebomoa kona nzima." Akasimama, akaita, "Haddu! Kuanzia kesho birika ni lako."

"Kwa nini mimi? Mmesahau ile chai?"

"Tumeikumbuka. Ndiyo maana utajifunza. Sehemu ya juu Tuda yuko na mimi."

Haddu akaja, akalichukua birika kwa masizi yake, akaniinamia kama mhudumu wa hoteli. "Injinia, sukari ngapi?"

Kesho yake tulianza sehemu ya juu. Pale palikuwa na kuta ndogo ndogo tatu zilizoanguka, na mawe mapana mazuri yametapakaa kila mahali. Bassu akanyoosha kamba, akasema, "Anza unapotaka."

Niliweka nyundo chini, nikatafuta kivuli, nikakaa. Wanawake wangeteremka na majani saa nne, na nilitaka kwanza nione wanasimama wapi.