Magari Yaliyotoka Saa Nane Usiku

Mwanasaumu alikuwa na hasira na Lewa tangu Jumatatu, siku kijana huyo alipoingia ofisini kwa Boga, pale Changamwe, Mombasa, akaitazama kompyuta yake na kucheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kilikuwa cha puani tu, lakini kilimkera kuliko tusi. Kompyuta ile ilikuwa na miaka tisa. Miaka yote hiyo Mwanasaumu ndiye aliyeiwasha, akaifuta vumbi, akaingiza kila gari lililotoka kwenye ghala la Boga: nambari yake, mzigo na dereva, na mashine ikajiandikia saa ya kutoka. Haikuwahi kumpotezea hata gari moja.

Lewa alizaliwa Kisauni, ila alikaa Nairobi miaka sita na kurudi na mkoba wa ngozi na mfumo mpya wa kuuza. Mwaka ulikuwa 1996, na kila mwenye ofisi alikuwa akiambiwa ahamie Windows. Alimweleza Boga kwamba ule mfumo wa kuandika amri kwa mkono, herufi nyeupe juu ya kioo cheusi, umeshazikwa kwingine kote. Tena kompyuta yenyewe ni kuukuu, haiwezi kuubeba mfumo mpya, kwa hivyo itabidi kununua vyote viwili. Boga alikuwa na malori sita na mkono mzito wa kutoa. Hakusema ndiyo wala la. Alimpa Lewa wiki moja aikague mashine na kuandika ripoti, ijulikane kama kubadilisha kunafaa au ni kutupa mali bure.

Mwanasaumu hakuulizwa neno. Aliambiwa tu kwamba mfumo mpya ukija, utakuja na msichana wake aliyeusomea.

Basi hapo alichemka. Ana miaka arobaini na sita, kila alfajiri anatoka kwake, mtaa wa Shika Adabu, kabla kuku hawajafunguliwa, halafu leo mtu wa juzi amwondolee riziki kwa kipanya cha plastiki? Na juu ya hayo yeye Mwanasaumu ajitie adabu, amwonyeshe kila kitu kilipo! Jumanne Lewa aliwahi kufika, akaomba aiwashe mashine mwenyewe. Mwanasaumu alimwachia kiti, akakaa pembeni mikono kifuani, akimwombea akosee. Hakukosea. Kesho yake Lewa akachapisha orodha ya magari yote ya miezi mitatu, karatasi ndefu iliyojikunja hadi sakafuni, akaondoka nayo kwapani.

Alhamisi asubuhi balaa likaanguka. Mzee Gona, mlinzi wa usiku, alikuwa ndiyo kwanza anakabidhi zamu. Boga alisimama katikati ya ua, madereva wote wakisikia, akamwambia alivue koti la kazi na aliweke rungu chini. Karatasi imeonyesha, akasema, kama alivyosomewa na Lewa, kwamba magari yamekuwa yakitoka saa nane usiku, saa tisa, saa kumi, mara mia na zaidi kwa miezi mitatu, na ufunguo wa lango usiku anao mtu mmoja. Nani basi aliyekuwa akiwafungulia madereva wakafanye safari zao za kando? Gona alifungua kinywa. Boga akamkatiza kwamba karatasi imeshasema, hakuna haja ya maneno. Madereva walitazama chini, kila mmoja akiogopa kwamba akisema neno ndiye atakayefuata.

Miaka kumi na mitano mzee yule alilinda pale. Alilivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya rungu, akatoka langoni. Hakwenda kwake. Alivuka barabara, akakaa juu ya tofali upande wa pili, juani, uso ameuelekeza langoni. Labda hakujua atamwambia nini mkewe.

Mwanasaumu aliingia ofisini mwa Boga akaichukua ile karatasi. Aliisoma kama alivyoisoma siku zote. 02:14, saa mbili na dakika kumi na nne, Kitsao, saruji ya Likoni. 03:05, saa tatu na dakika tano, Charo, mabati. Aliyakumbuka magari yale yakitoka, jua limeshapanda. Usiku uko wapi hapa?

Ndipo alipoelewa. Mashine yake haikuwa na saa yake yenyewe. Kila asubuhi ikiwashwa huuliza tarehe na saa, na yeye kila asubuhi huiambia saa kama anavyomwambia mtu: saa mbili, anaandika mbili. Ofisi nzima iliisoma hivyo, Boga mwenyewe akiwemo, miaka tisa, na hakuna aliyepotea njia. Mpaka alipokuja msomi wa kuhesabu saa kwa Kizungu, mbili ikageuka kuwa saa nane za usiku, na mzee wa watu akawa mwizi.

Akaitafuta Jumanne. Siku hiyo moja, kati ya siku zote za miezi mitatu, magari yalianza kutoka 08:20. Ni siku ambayo Lewa aliiwasha mashine kwa mkono wake na kuiambia saa yake ya Kizungu. Kwa hivyo Lewa aliona kwamba saa za siku hiyo haziendani na za siku nyingine. Hakuna mtu mwenye macho mawili ambaye asingeona.

Alikuwa ameshafika mlangoni kwenda kumwita Boga, akasimama. Kwani atasema nini? Kwamba mashine aliyoitetea wiki nzima haijui hata saa, inalishwa kwa mkono wake? Lewa angetaka nini zaidi? Ripoti ingekuwa imejiandika, na yule msichana angekaa kitini Jumatatu. Mwanasaumu aliikunja karatasi akarudi kukaa. Alijiambia anatafuta maneno mazuri ya kuanzia. Magari yakatoka, akayaandika. Kila akiinua macho dirishani, Gona yuko palepale. Ilipofika saa nane mchana alisimama kuswali adhuhuri, na hakuweza kukumbuka amefika rakaa ya ngapi.

Hapo akainuka, akaenda kwa Boga. Lewa alikuwepo, ripoti imefungwa vizuri mbele yake. Mwanasaumu alimwomba aje mara moja kwenye mashine, na Boga naye aje. Akaizima, akaiwasha upya. Ikauliza saa.

"Mwanangu, saa ngapi sasa?"

Lewa alitazama mkononi. "Saa nane na robo, Bi Mwanasaumu."

Mwanasaumu akaandika nane na robo, kioo kikaonyesha 08:15. "Nimeandika ulivyosema. Sasa msomee Mzee Boga kama ulivyomsomea karatasi."

Boga alitazama kioo, akatazama jua lililokuwa likichoma nje, akatazama kioo tena. Kwa karatasi ya Lewa, ile ilikuwa asubuhi. Mwanasaumu alimwonyesha mstari wa Jumanne, akaeleza ni nani aliyeiwasha siku hiyo.

Lewa akasema, kwa sauti ya upole iliyomzidishia Mwanasaumu hasira, kwamba yeye aliitwa kukagua mashine, si watu. Kwamba saa zake haziaminiki ameliandika, liko ukurasa wa nne. Mzee Boga aliomba aone orodha kabla ya ripoti, na alichoamua baada ya kusomewa ni shauri lake.

"Ukurasa wa nne," Mwanasaumu alisema. "Mzee wa watu anavuliwa koti mbele yako, wewe umelaza ukweli ukurasa wa nne. Wallahi huna haya."

Lewa alifunga mkoba wake. Boga, kwa mara ya kwanza wiki ile, akamgeukia Mwanasaumu na kumuuliza yeye: huo mfumo mpya, ununuliwe au usinunuliwe?

Ilimuuma, lakini alisema. Ununuliwe, kwa sababu mashine isiyojua saa yenyewe isiachiwe tena kumfukuza mtu kazi. Ila usinunuliwe kwa huyu, na atakayefundishwa awe yeye. Boga akaafiki, akaongeza kwamba Gona apelekewe habari arudi zamu jioni.

"Ulimfukuza uani," Mwanasaumu alisema. "Mrudishe uani."

Boga alinuna, lakini alitoka. Madereva watatu waliokuwepo wakasogea. Gona alivuka barabara polepole, magoti yameganda kwa kukaa. Boga akaeleza habari ya saa, akasema kosa ni la mashine, si la Gona, na kwamba Bi Mwanasaumu ndiye aliyeligundua. Akamnyooshea koti.

Gona hakulipokea upesi. Alimgeukia Mwanasaumu.

"Bi Mwanasaumu, umelijua hili tangu saa ngapi?"

Angeweza kusema ni sasa hivi. Hakuna ambaye angebisha.

"Tangu saa mbili na nusu," alisema.

Gona alitikisa kichwa taratibu. Alilichukua koti mkononi mwa Boga, kwa kuwa kazi aliihitaji, akamwambia Boga atafika jioni. Kisha akampa Mwanasaumu mgongo. Akaondoka, na Mwanasaumu akabaki uani na hasira yake yote, hana tena mtu mwingine wa kumtwika.